Kano la Kisigino na Safari ya Theluji



Wapenzi wasomaji, mwezi huu nimeletewa barua na mama mmoja, mzaliwa wa Unguja, ambaye sasa yuko Uingereza pamoja na watoto wake. Barua ni ndefu, nami nitaieleza kwa maana yake tu. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Yeye na wenziwe wamekwisha kulipa fedha za kwenda kukaa siku saba katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa, wakacheze mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa ubao. Safari yenyewe imebakisha wiki sita. Lakini kijana huyu mguu wake wa kulia wamuuma upande wa nyuma, juu kidogo ya kisigino, yapata miezi mitatu sasa. Asubuhi akiamka huchechemea kama mzee, na akiisha kutembea kidogo maumivu hupungua, kisha jioni hurudi.

Mama amemkataza kwenda. Kijana asema fedha zile hazirudishwi, na kwamba akinyamaza hapana atakayejua, si wenziwe wala si watu wa bima ya safari. Jambo hili limeharibu masikilizano ya nyumba yao, hata mama na mwana hawasemezani ila kwa salamu. Mwisho wameafikiana neno moja: wamwulize Maalim, na atakalolisema walifuate wote wawili.

Namshukuru mama huyu na mwanawe kwa kuniamini. Walakini barua yao imenitia khofu, na sababu ya khofu hiyo yanipasa kuieleza kabla ya jibu.

KOSA LANGU

Miaka mingi iliyopita alikuwapo chuoni kwangu kijana mmoja aliyekuwa akilalamika maumivu mahali pale pale, nyuma ya mguu juu ya kisigino. Kila alipokaa kikao cha Sala alikunja uso. Mimi nikamwambia mbele ya wenziwe kwamba mwanamume halii kwa sababu ya mshipa. Nikampa mafuta, nikamwamuru achuliwe kwa nguvu. Siku ya Idi vijana wakacheza mpira. Ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, naye akageuka nyuma akidhani amepigwa teke, kumbe nyuma yake hapakuwa na mtu. Kano lilikuwa limekatika.

Alikaa miezi mingi hawezi kwenda vizuri. Leo ni baba wa watoto, na hata sasa hawezi kusimama kwa ncha ya mguu ule. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini kila nimwonapo akipanda ngazi za msikiti nayakumbuka maneno yangu.

Sote twaijua khabari aliyoipokea Jabir (R.A.) na kuandikwa na Abu Daud, ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenziwe kama anayo rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika sana, akasema kwamba wao ndio waliomwua, na ya kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Basi mimi nilikuwa mmoja wa watu namna ile. Nilijua hukumu za Sala, nikadhani najua na hukumu za mguu.

Kwa hiyo barua hii sikuijibu siku ile. Nilikwenda kwa tabibu wa mifupa na viungo, nikamsomea, nikamwuliza moja baada ya moja. Haya mtakayoyasoma juu ya mguu ni elimu yake na ya matabibu wenziwe. Yaliyo juu ya Sala ndiyo yangu.

KANO NI KITU GANI

Sisi wa pwani twapenda kusema "mshipa" kwa kila kitu kilicho kirefu ndani ya mwili. Lakini mshipa wa damu ni kitu kimoja, na kano ni kitu kingine. Aliyepata kupika nyama ya muundi anaijua: ile kamba nyeupe, ngumu, inayong'aa, ambayo kisu hakiikati upesi. Kazi yake ni kuufunga msuli na mfupa, ili msuli ukivuta mfupa uende.

Kano la nyuma ya kisigino ndilo nene na lenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Matabibu huliita kano la Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wayunani. Lashuka kutoka katika shavu la mguu hata mfupa wa kisigino. Ndilo linalotuinua kila tupigapo hatua, kila tupandapo ngazi, na kila tuinukapo kutoka katika sijida. Pamoja na nguvu zake lina udhaifu: sehemu iliyo baina ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino hupata damu kidogo, na aghlabu hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Tena kano hupona polepole kuliko msuli. Msuli huhesabu wiki, kano huhesabu miezi.

Ugonjwa wa kano ni wa namna mbili, na ni wajibu kuzipambanua. Wa kwanza ni wa uchovu: kano limetwikwa kazi zaidi ya lililoizoea, nyuzi zake zimeharibika kidogo kidogo. Alama zake ni kukakamaa asubuhi, maumivu ya hatua za kwanza, na kano kuvimba au kuwa nene. Huu ndio unaofanana na wa kijana wetu. Wa pili ni wa kukatika: huja ghafla, kwa mlio, na mtu huhisi kama amepigwa kwa nyuma. Tabibu humlaza kifudifudi, akaliminya shavu la mguu. Kano likiwa zima unyayo hutikisika. Likiwa limekatika unyayo hutulia tuli. Mwenye alama hizi asichuliwe wala asingoje kesho, bali apelekwe hospitali siku ile ile.

DAWA YAKE

Zamani mwenye kuumwa na kano akiambiwa alale tu. Siku hizi matabibu wasema kupumzika kabisa hulidhoofisha kano zaidi. Dawa yake ni kazi yenye kipimo. Mwaka 1998 tabibu wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenziwe walitangaza khabari za wakimbiaji 15 waliougua kano hili muda mrefu. Waliwapa zoezi moja kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia kama kwanza.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu husimama juu ya kidato cha ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, ameshika ukuta. Huinuka kwa mguu mzima, kisha huuachia uzito wote mguu mgonjwa, akashuka polepole mpaka kisigino kiwe chini ya kidato. Hufanya hivyo mara 15, kwa mafungu matatu, goti likiwa limenyooka. Kisha mafungu mengine matatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Hufanya asubuhi na jioni, jumla mara 180 kwa siku. Ambaye maumivu yake yako kwenye mfupa wenyewe wa kisigino asishuke chini ya kidato, bali aishie usawa wa sakafu.

Na maumivu yapimwe. Tabibu humwambia mgonjwa ayape maumivu yake hesabu tangu 0, maana yake hakuna, hata 10, yaani yasiyovumilika. Yakifika 5 wakati wa kazi si neno, lakini yasipite hapo. Na asubuhi ya pili lazima yawe yamerudi yalivyokuwa. Yakizidi siku hata siku, kazi ipunguzwe.

MCHEZO WENYEWE

Wasomaji walio Tanga, Lamu au Mombasa huenda wakauliza mchezo huu ni wa namna gani. Asili yake ni Marekani. Siku ya Krismasi ya mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, Michigan, mtu aitwaye Sherman Poppen aliunganisha mbao mbili za kutelezea ili binti zake wasimame juu yake na kuteremka mlima wa theluji. Mchezo ukaenea hata ukaingizwa katika Olimpiki za Nagano, Japani, mwaka 1998.

Mchezaji husimama kiubavu, miguu yote miwili imefungwa katika ubao mmoja, akateremka. Akitaka kugeuka upande wa vidole hukandamiza kwa ncha za miguu, na hapo shavu la mguu na kano hufanya kazi kubwa. Akigeuka upande wa visigino, kazi hiyo hupungua. Ubao huu haufunguki wenyewe mtu aangukapo, na viatu vyake ni laini kuliko vile vya wenye mbao mbili. Tena kupanda mlima kwa miguu katika theluji, ubao mkononi, kwaweza kulichosha kano kuliko kuteremka kwenyewe.

AENDE AU ASIENDE?

Sasa nawajibu. Mama, mwili wa mwanao ni amana aliyopewa na Mola wake, nawe una haki ya kumhofia. Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Lakini kucheza si haramu, na kusafiri kuziona nchi za Mwenyezi Mungu si haramu. Na tabibu ameniambia kwamba kano lililochoka, kinyume cha lililokatika, si lazima lizuiwe kila mchezo. Basi neno la kukataza kabisa, kabla ya kupimwa, ni neno lisilo na elimu. Nami ndimi wa mwisho wa kulisema, kwa hayo niliyokuelezeni.

Nawe mwanangu, neno lako la kunyamaza ni baya kuliko ugonjwa wako. Fanya haya kwa utaratibu.

Kwanza, wiki hii hii nenda kwa tabibu, akuangalie kwa mkono wake. Barua haitoshi, wala mimi sitoshi.

Pili, akikuambia kuwa ni uchovu wa kano, lianze zoezi leo. Wiki sita ni nusu ya muda, nazo si haba, ila usidhani kuwa umepona kwa kuwa siku ya safari imefika.

Tatu, wiki moja kabla ya safari ujipime. Tembea mbio mbio nusu saa. Inuka kwa ncha ya mguu mgonjwa peke yake mara 20. Maumivu yakipita 5, au asubuhi ya pili ukawa vibaya kuliko jana, basi ubao umekukataa mwaka huu. Nenda na wenzio ukitaka, ukae chini ya mlima, upike, utembee. Au ubaki nyumbani. Fedha iliyopotea hupatikana tena kwa kazi. Kano lililokatika huwaachia wengine upungufu maisha yao yote, nami namjua mmoja.

Nne, ukiwa umefaulu, cheza kwa kiasi. Upashe mwili joto kabla ya kuteremka. Anza kwa miteremko myepesi. Pumzika siku moja katikati. Na ukiona umechoka, shuka kwa gari la kamba, kwani wengi huumia katika mteremko wanaouita wa mwisho. Viatu vikishike kisigino visikiache kikipanda na kushuka. Vaa kofia ngumu, na vikinga vya vifundo vya mikono, kwa kuwa wanaojifunza mchezo huu huumia zaidi mahali hapo wanapoanguka. Wala usimeze dawa ya maumivu ili upate kucheza, maana maumivu ndiyo mlinzi wako, na anayemlevya mlinzi asilalamike akiibiwa.

Tano, ukianguka ukaumia upande wa nje wa kifundo cha mguu, usiseme "nimeteguka tu". Wachezaji wa ubao huvunjika kijifupa fulani cha kifundo, na mara nyingi hudhaniwa ni kuteguka. Dai upigwe picha.

JUU YA BIMA

Hukumu ya bima yenyewe wanazuoni wameizungumza sana, wala sio mlango wetu leo. Lakini ukiisha kuingia katika mkataba na kuulizwa kama una maradhi, kuficha ni uwongo na ni kuvunja ahadi. Na hata kwa hesabu ya dunia ni hasara: bima iliyopatikana kwa kuficha yaweza kukataa kulipa siku utakayoihitaji. Ile kadi ya afya wanayopewa wakaazi wa Uingereza kwa kutibiwa katika nchi za Ulaya haimlipii mtu gharama za kuteremshwa mlimani. Basi waambie ukweli, hata wakiongeza bei. Na wenzio nao waambie, wapate kukungoja na kukusaidia.

SALA NA WUDHU

Kijana hakuniuliza hili, lakini ndilo lililonifanya nikosee zamani, nami sitaki kulipita.

Kikao cha Sala chenye kusimamisha unyayo wa kulia na kukunja vidole ni sunna. Kikikuumiza, kaa vyovyote uwezavyo; Sala yako ni kamili. Imran bin Huswayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Hakumwambia mwanamume halii.

Mguu ukiwa na kitambaa kinachoweza kufunguliwa pasi na dhara, kifungue uoshe. Viatu vilivyo tohara, vinavyofunika mguu mpaka juu ya vifundo na visivyopenyeza maji, vikivaliwa juu ya wudhu kamili, yajuzu kuvipaka maji badala ya kuosha miguu. Msafiri ana siku tatu na mausiku yake. Mkaazi ana mchana na usiku mmoja, kuanzia kuondokwa na wudhu baada ya kuvaa. Ukivivua, rukhsa ile imekwisha. Nawe ujue kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu yake ni ya mkaazi. Kwa hiyo ninyi wa siku saba mtapunguza na kukusanya Sala njiani, lakini mkifika mtasali kamili, kila moja kwa wakati wake. Mchana wa Alps siku za baridi ni mfupi. Adhuhuri na Alasiri hufuatana upesi, basi iwekeni Sala kwanza katika ratiba, kisha ubao. Kibla huko ni upande wa kusini-mashariki.

Amri bin Al-As (R.A.) aliogopa kufa kwa baridi usiku mmoja wa vita, akatayamamu kwa janaba akawasalisha wenziwe, na Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alicheka, hakumlaumu. Hayo yatuonyesha kuwa dini haikuja kutuua. Lakini katika nyumba za wageni maji ya moto yapo, basi udhuru ule haupo.

NENO KWA TULIO HUKU

Msiseme theluji iko mbali. Kano ni moja, na uwanja wa mpira una khatari zake. Nalihimiza jambo moja ambalo sikulijua kabla ya kumwendea tabibu. Zipo dawa za kuua vijidudu, majina yake yakiishia "floxacin", kama vile ciprofloxacin, ambazo huweza kulidhoofisha kano hata likakatika. Mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani iliamuru ziandikwe onyo kali. Khatari huzidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za jamii ya kotisoni. Nasi twazinunua dukani kwa kila tumbo linalouma! Usimeze dawa hizi bila amri ya tabibu. Na ukiwa umepewa naye, kisha kisigino kikaanza kuuma, usiendelee na mazoezi. Rudi kwake upesi umweleze. Vivyo hivyo, asikubali mtu kuchomwa sindano ya kotisoni ndani ya kano hili kwa ajili ya kuwahi mchezo, kwani nayo yaweza kulikata.

Na walimu wenzangu wa vyuoni, mtoto akikwambieni kuwa mguu wamuuma, msimcheke. Mwulizeni tangu lini, wapi, na wakati gani, kisha mwambieni mzazi wake. Kuuliza hakumpunguzii mwalimu heshima.

Ama wewe mama, barua hii ikifika mwite mwanao, msome pamoja. Mpe idhini ya kwenda kwa tabibu kwanza. Idhini ya mlima ije baada ya jibu la tabibu. Nawe mwanangu, mbusu mama yako mkono, umwombe radhi kwa siku zile za salamu tupu. Kisha niandikieni mniambie lililotokea, nami nitawapa khabari wasomaji wetu, wakipenda Mola wetu tuwe hai.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atulinde na kusema tusilolijua, na atusamehe tuliyokwisha kuyasema. Amin.

Wabillahi tawfiq.